Umetumwa, umepotea Goma: namna ya kuuliza njia na kukubali kusindikizwa na mtu usiyemjua

Naandika hii juu maswali yanarudi yaleyale. Kila mwaka masomo yakifunguliwa wananiandikia vijana waliotoka Lubero, Masisi, Butembo, Walikale, wamekuja huku Goma, mashariki ya Kongo, wamepokewa kwa shangazi ao kwa mjomba, siku ya tatu wanatumwa mahali wasipopajua na saa mbili baadaye wako wamesimama kwenye kona wanashika simu na kuuma midomo. Swali la kwanza ni nimepotea nafanya nini, la pili ni kuna mtu anataka kunipeleka nikubali ao nikatae, la tatu ni nimpe ngapi. Nitajibu yote hapa kwa mpangilio, sawa ninavyomwambia mdogo wangu nyumbani.

Na nianze na kinachopoteza watu kuliko barabara zenyewe: haya. Mtu anajua toka dakika ya tano kwamba njia imemponyoka, ila anaona haya kuuliza, anaendelea kwa mwendo wa mwenyeji, anakata kona moja na nyingine na nyingine, mpaka anafika pahali ambapo hata aliyemtuma hawezi tena kumwelekeza kwa simu. Ukiuliza mapema unarudi nyuma hatua mia. Ukichelewa unarudi nyuma kartie (mitaa) mbili.

Vya kushika mbele ya kutoka nyumbani

- Jina la mtu unayeenda kwake, na jina analoitwa na majirani. Haya mara nyingi ni majina mawili tofauti kabisa. Kwenye avenyu hakuna anayejua jina la kwenye kadi, wanajua Mama Espoir, Papa Jumelle, Mama wa mandazi. Muulize aliyekutuma: majirani wanamwitaje? Swali hilo moja limeokoa watu wengi.
- Kartie, avenyu, na kitu kikubwa kilicho karibu: kanisa, masomo (shule), farmasi, mnara wa simu, kituo cha maji. Namba ya nyumba ishike, lakini usiitegemee, nyingi hazionekani mlangoni.
- Namba za simu mbili, ya aliyekutuma na ya anayekungoja, ziandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko. Kwenye karatasi kweli. Simu ikizimika karatasi haizimiki.
- Unite (salio la simu) kidogo, na batri iliyojaa.
- Franka ndogondogo, noti za 500 na 1000. Motari, mwendesha pikipiki ya kubeba watu, hana chenji ya noti kubwa, na dola yenye mpasuko hata wa ukucha hakuna anayeipokea.
- Kadi ya mpiga kura ao kadi ya mwanafunzi.
- Viatu vilivyofunga. Njia za ndani nyingi ni mawe ya volkano, kandambili inakatika katikati ya safari na mguu unaumia.

Mji wenyewe kwa kifupi sana

Goma ina komini mbili, yaani sehemu mbili za utawala. Komini ya Goma iko upande wa ziwa na ina kartie 7: Himbi, Katindo, Kyeshero, Lac Vert, Les Volcans, Mapendo na Mikeno. Komini ya Karisimbi ina 11, ndani yake Katoyi, Ndosho, Majengo, Mugunga, Virunga, Bujovu na zingine. Mtaa wa Birere hutauona kwenye orodha hiyo ya kartie na hata hivyo kila mtu anaujua, kwa hiyo usishangae ukiambiwa jina ambalo kwenye karatasi halipo, watu wanaongea kwa majina ya mdomoni.

Kuna kitu Mungu ametupa sisi wa Goma: mji una mlima upande mmoja na ziwa upande mwingine. Ukiangalia mlima huo, Nyiragongo, uko unaangalia kaskazini. Mgongoni ni ziwa Kivu. Mkono wa kuume ni upande wa Gisenyi, Rwanda. Mkono wa kushoto ni barabara ya Sake. Shika hayo manne tu kwa kichwa.

Hatua kwa hatua

1. Simama, na usimame pembeni. Usisimame katikati ya njia na simu mkononi, pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zinashuka bila breki za kuaminika na simu inanyakuliwa haraka. Tafuta kivuli cha duka ao kabini ya unite (kibanda cha simu), simama apo na mzigo wako mbele yako, pumua. Usiendelee kutembea "kidogo tu nione". Hiyo kidogo tu ndiyo inayomaliza mchana.

2. Tafuta mlima, alafu ziwa. Asubuhi nyingi Nyiragongo inaonekana vizuri, na hata ikifichwa na mawingu unaweza kuangalia barabara zinateremkia wapi, nyingi zinaelekea ziwani. Hii haitakufikisha mlangoni, lakini itakwambia kama ulikuwa unaenda upande wa Sake na sasa unaelekea mpaka wa Rwanda. Hapo unajua kosa ni kubwa ao ni dogo.

Jambo moja la uwanja wa ndege: ukikuta uzio wake na unakoenda ni ng'ambo, hakuna kukatiza. Unazunguka, na mzunguko ni mrefu, bora upande pikipiki.

3. Piga simu, lakini piga na kitu cha kusema. Ukimwambia shangazi "nimepotea, sijui niko wapi" anapaniki na wewe unapaniki. Angalia kwanza unachokiona: rangi ya mlango, kibao cha farmasi, jina la kanisa. Alafu sema: "Niko mbele ya farmasi yenye rangi ya kijani, nimetoka mzunguko wa Signers kwa miguu, mlima uko mbele yangu." Mwenyeji akisikia hivyo anakuona mulemule kichwani.

Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa Rwanda na unite zinakwisha haraka sana. Angalia jina la mtandao juu ya skrini mbele ya kupiga.

4. Chagua wa kuuliza. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, usiiruke.

Uliza mtu mwenye kazi ya kukaa pahali pamoja. Mama anayeuza makala (mkaa), fundi wa viatu, kijana wa kabini, fundi wa kushona aliyeweka mashine barazani, sentinele (mlinzi) mlangoni. Hawa wanaona nani anapita, nani amehama, nani amefiwa, na kesho watakuwa palepale, mtu wa kesho palepale hana sababu ya kukudanganya. Anayepita kwa mwendo anaweza kuwa mgeni sawa wewe, na atakujibu tu juu anaona aibu kusema sijui.

Yule anayekufuata bila kumuita, anayekwambia "njoo nikupeleke" mbele hujasema unaenda wapi, huyo mwambie aksanti na uingie dukani. Si kila mmoja wao ni mbaya. Ila wewe ndiye unachagua, usichaguliwe.

Motari wanajua mji sana lakini wapo wanaosema "najua" ili tu upande. Mpime: mwambie akueleze pale kuna nini karibu. Akitaja kanisa ao masomo uliyoambiwa nyumbani, sawa, patana bei mbele ya kupanda.

Ukishindwa kabisa, uliza nyumbakumi ao shefu wa avenyu. Watu wanasahau kwamba hawa wapo na kazi yao ni kujua nani anaishi wapi.

5. Salimia kwanza, uliza baadaye. Nimeona vijana wanasimama mbele ya mtu mzima na kusema "Avenyu fulani ni wapi?" alafu wanalalamika kwamba watu wa Goma ni wakali. Anza na "Jambo mama, pole na kazi." Ngoja akujibu. "Samahani mama, nimetumwa, mimi ni mgeni huku, natafuta kwa Mama Espoir, karibu na masomo." Muzee unamwita papa ao muzee, msichana wa umri wako dada, kijana kaka. Neno "nimetumwa" lina nguvu sana, kila mtu hapa aliwahi kutumwa na anajua ukirudi hujafika utaulizwa nini.

Kosa la kawaida: kuuliza swali la ndiyo. Ukisema "Ni huku, eeh?" watu wengi watasema ndiyo kwa heshima tu. Uliza "Nipite wapi?" ili aseme mwenyewe.

6. Rudia alichokwambia. Kwa mdomo, mbele yake, na mkono ukielekeza. "Nashuka mpaka kwa kanisa, nakata kushoto, mlango wa tatu." Akikusahihisha umejipatia nusu saa. Na ukiambiwa "ni hapo mbele kidogo" uliza ni dakika ngapi kwa miguu, maana kidogo ya mwenyeji inaweza kuwa kilomita mbili.

7. Akitaka kukusindikiza, fikiri, usikatae kwa desturi. Hapa nataka nikae kidogo.

Mimi nilikuja Goma kusoma, na mwaka wa kwanza mama mdogo alinituma Katoyi na dawa ya presha ya rafiki yake. Kama unajua Katoyi unajua: kuta za mawe meusi pande zote, mlango wa bati la bluu, kona, mlango mwingine wa bati la bluu. Nilizunguka toka saa nane mpaka karibu saa kumi. Nilipita mara tatu mbele ya mama mmoja aliyekuwa na sinia ya sambaza, samaki wadogo, mapajani, mafungu yamepangwa safi, na mara ya tatu yeye ndiye aliyeniita. "Mutoto yangu, unatafuta kwa nani?"

Nikamwambia. Hakunyosha hata mkono kuelekeza. Alivuta mafungu yake ya samaki akayapanga upya juu ya sinia: "Hii njo masomo. Hii njo kanisa. Hii njo kwa muzee wa makala." Alafu akachukua sambaza moja akailaza peke yake pembeni kabisa. "Na weye njo uko hapa. Ulipashwa kukata kule mbele, ukapita." Nikaona kosa langu lote juu ya sinia, wazi kuliko ramani ya simu. Vidole vyake vilikuwa na magamba ya fedha yanayong'aa na alivipangusa kwenye liputa, kitambaa alichojifunga, mbele ya kunishika mkono.

Alitaka mjukuu wake anipeleke. Nikasema hapana mama, nitafika. Akarudia, nikasema hapana tena. Akaniangalia na kusema, "Utafika, ila na giza." Akamwita mtoto: "Musindikize dada mpaka kwa mlango, usimuache kwa kona." Nilienda. Tulipinda mara nne, na ile kona ya pili peke yangu nisingeiona hata siku tatu, ilikuwa upenyo kati ya kuta mbili. Yule mgonjwa alikuwa ameruka vidonge vyake vya asubuhi akingoja dawa ifike.

Kwa hiyo angalia haya ndipo ukubali: ulimuuliza wewe ao alikuwa palepale kazini, watu wa jirani wanamjua, wanamwita kwa jina, njia anayotaja ni ya watu wengi, bado ni mchana, na hakuombi mzigo wala simu. Yakiwa yote sawa, sema ndiyo. Kukatazakataza mtu mwenye nia njema kunamchosha na kunakuchelewesha, na aliyelala na presha nyumbani hajali kama ulijitegemea.

8. Mkiwa njiani. Tembea pembeni yake, usikae nyuma mbali. Mzigo ubaki mikononi mwako, hata akisema "lete nikusaidie" mwambie kwa upole "niliambiwa nisiachie." Piga simu kwa aliyekutuma, anayekusindikiza akisikia: "Shangazi, niko na papa mmoja wa kwa kanisa, ananisindikiza, tunafika dakika kumi." Mtu mwema atafurahi, mara nyingi ataomba amsalimie mwenyewe.

Akibadilisha njia ghafla kuelekea pahali pasipo na nyumba, simama. Sema unangoja ndugu yako apa. Rudi kwenye duka la mwisho mlilopita. Huna deni la kueleza.

Wasichana wenzangu: usiingie ndani ya nyumba ya kati "kunywa maji kwanza". Maji utakunywa ulikotumwa.

9. Mlangoni. Usimuache aliyekusindikiza nje kama mtu wa mzigo. Mtambulishe: "Mama, huyu kaka ndiye amenifikisha." Mwenye nyumba atampa kiti ao atampa aksanti, na mara nyingine wanagundua wanajuana.

Pesa sasa. Mtu mzima aliyekusaidia kwa moyo, ukimkimbizia noti unaweza kumuumiza. Mwambie "Mungu akubariki papa, hii ni ya maji" na ukatae kubishana: akipokea sawa, akikataa sawa. Mtoto mpe kidogo, mimi yule mjukuu nilimpa franka 500 akarudi nyuma na mikono mgongoni mpaka niliposema ni ya biskwiti. Aliyeacha kazi yake juu yako, kwa mfano fundi aliyefunga mashine, huyo mpe zaidi ao nunua kitu kwake.

10. Mbele ya kuondoka, uliza njia ya kurudi. Muombe mwenye nyumba akutoe mpaka barabara kubwa. Ukitembea, geuka nyuma kwenye kila kona uone inavyoonekana kutoka upande huu, kona ya kwenda na kona ya kurudi hazifanani.

Makosa ambayo yanaweza kukuumiza kweli

Mazuku. Kama umetumwa upande wa magharibi, Kyeshero, Lac Vert, Mugunga, usikatize kwenye mashimo na mabonde madogo, na usikae humo kupumzika, hasa asubuhi mapema na usiku. Ni gesi ya volkano, kabonidioksidi, nzito kuliko hewa, inajaa chini kwenye shimo na hauioni. Mbuzi anaweza kufa humo pale ambapo mtu mzima aliyesimama anapita salama juu kichwa chake kiko juu ya gesi, na mtoto kimo chake ni cha mbuzi. Wenyeji wanajua mashimo yao, wakikwambia usipite hapo, usipite.

Picha. Ukipotea usipige picha ya barabara uitume kama kuna kizuizi, askari, mpaka ao uwanja wa ndege ndani yake. Eleza kwa mdomo.

Giza. Hapa jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, halingoji. Ikifika saa kumi na moja hujafika, acha, rudi nyumbani na mzigo. Utagombezwa, kesho utaenda.

Mzigo wa mtu mwingine. Wanaosema "kwa kuwa unaenda huko, pelekea na huu" na huwajui: hapana.

Ikienda vibaya

*Simu imezimika.* Enda kabini na karatasi yako, omba upige kwa simu yao ulipe. Usitoe laini yako kwenye simu yako kuiweka kwa simu ya mtu.

*Namba haipatikani zote mbili.* Kaa palepale penye watu, jaribu kila dakika kumi. Ukimaliza saa nzima, rudi. Usiache mzigo kwa jirani asiyetajwa na aliyekutuma, hata akisema anamjua vizuri.

*Aliyenisindikiza anadai pesa nyingi mlangoni.* Usibishane peke yako. Muite mwenye nyumba atoke, aongee yeye, ni mwenyeji na bei anaijua. Siku nyingine ukihisi mtu anataka kulipwa, patana mwanzoni bila haya, si kosa yeye kutaka na si kosa wewe kuuliza.

*Kiswahili changu ni kidogo.* Sema hivyo mapema. Hapa wako watu wanaoongea Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kishi, Lingala. Mama uliyemuuliza atapiga kelele upande wa pili wa barabara na atatokea mtu wa kwenu.

*Nimejikuta nimefika kwenye mpaka.* Rudi nyuma kwa utulivu, usikimbie, usizungukezunguke apo. Ukiulizwa, sema ukweli kwamba umetumwa na umepotea, onyesha kadi na karatasi yenye namba.

*Mvua.* Omba kivuli barazani kwa mtu, na uombe, usijiegemeze tu. Mvua ya Goma watu wengi wamefahamiana chini yake.

*Nimefika salama ila yule mama sikumuuliza hata jina.* Hili naulizwa sana na linanigusa. Pahali pake unapajua. Mimi nilirudi Katoyi Jumamosi iliyofuata, safari hii nikaipata ile kona mwenyewe, nikanunua mafungu matatu. Aliongeza la nne bila kuniuliza, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje.